Lee Kreindler, wakili wa ajali za ndege aliyeitetea thamani ya familia

Katika historia ya sheria ya usafiri wa anga, yaani mkusanyiko wa mikataba ya kimataifa, sheria za nchi na hukumu za mahakama zinazosimamia urushaji wa ndege, ubebaji wa abiria na wajibu wa wahusika ajali inapotokea, jina la Lee Kreindler wa New York lina nafasi ya pekee. Kreindler, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki dunia Februari 2003 akiwa na umri wa miaka 78, alitumia zaidi ya nusu karne kuwatetea wajane, wagane, yatima na wazazi waliopotelewa na watu wao angani, na kwa kazi hiyo utetezi wa familia za waliokufa katika ajali za ndege ukawa tawi kamili la taaluma ya sheria, lenye vitabu vyake, wataalamu wake na kanuni zake.

Kazi yote hiyo iliongozwa na swali moja: mtu anapokufa angani, sheria inapaswa kupima nini, kiti alichokalia katika ndege au nafasi aliyoiacha nyumbani? Mikataba ya mwanzo ilipima kiti, kwa kuweka ukomo mmoja wa fidia kwa kila tiketi. Kreindler na mawakili wa kizazi chake waliilazimisha sheria iitazame nyumba, na safari yao ndefu ina mafunzo makubwa kwa Afrika Mashariki, ambako ndege zimekuwa chombo cha kawaida cha wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa, lakini ambako wanaojua haki za msafiri wa anga bado ni wachache.

Sheria aliyoikuta

Mwaka 1929 wajumbe wa mataifa mbalimbali walitia saini mjini Warsaw, Poland, mkataba wa kimataifa wa kuoanisha kanuni za ubebaji wa abiria na mizigo kwa ndege. Wakati huo usafiri wa anga ulikuwa mchanga, mitambo ilikuwa haijaaminika, bima ilikuwa ghali, na serikali zilihofia kwamba ajali moja kubwa ingetosha kulifilisi shirika zima la ndege. Kwa sababu hiyo mkataba uliweka ukomo wa fidia wa faranga za dhahabu 125,000 kwa kila abiria, sawa na takriban dola 8,300 za Marekani kwa thamani ya miaka iliyofuata. Kwa upande wake abiria alipewa nafuu moja ya maana, kwamba hakulazimika kuthibitisha kosa la shirika, kwani shirika lenyewe ndilo lililopaswa kuonyesha kuwa lilichukua hatua zote zilizohitajika kuzuia madhara.

Ukomo huo uliongezwa maradufu na itifaki iliyosainiwa The Hague mwaka 1955, lakini Marekani iliuona bado ni mdogo mno, na mwaka 1965 ikatoa taarifa ya kujitoa katika mkataba. Mashirika ya ndege yaliyokuwa yakiruka kwenda, kutoka au kupitia nchi hiyo yaliinusuru hali mwaka 1966 kwa kukubali ukomo wa dola 75,000 kwa kila abiria, nayo Marekani ikaifuta taarifa yake. Kiasi hicho hakikutofautisha kijana asiye na mke na baba wa watoto sita, wala hakikujali kama marehemu alikuwa na miaka mitatu au thelathini ya kazi mbele yake. Njia kubwa ya kuuvuka ukomo ilikuwa kuthibitisha kwamba shirika lilikuwa na utovu wa makusudi, yaani kwamba watendaji wake walifanya jambo wakijua kuwa ni kosa, au walipuuza hatari waliyoifahamu bila kujali matokeo yake. Hicho ni kizingiti kirefu, na kwa miongo kadhaa familia nyingi zilipokea kiasi kilichoandikwa katika mkataba na kunyamaza.

Baba, mwana na ofisi ya jina moja

Kreindler alisoma katika Chuo cha Dartmouth na baadaye katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaingia katika uwakili pamoja na baba yake, Harry Kreindler. Ofisi waliyoianzisha mwaka 1950 iliitwa Kreindler & Kreindler, jina lenye ukoo uleule mara mbili, la baba na la mwana, na kwa kipindi kirefu uhusiano huo ndio uliokuwa mhimili wake. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ya kikazi yalihusu kile ambacho mzazi humrithisha mtoto na kile ambacho mtoto hupoteza mzazi anapoondoka, ni jambo la maana kwamba alijifunza kazi mezani kwa baba yake, na kwamba baadaye mwanawe James alikuja kukaa naye katika ofisi hiyohiyo.

Kesi iliyomwingiza katika ajali za ndege ilitokana na msiba wa mji wa Elizabeth, jimbo la New Jersey, ulio jirani na uwanja wa ndege wa Newark. Kati ya Desemba 1951 na Februari 1952 ndege tatu za abiria zilianguka katika mji huo, na baada ya ile ya tatu uwanja ukafungwa kwa miezi kadhaa. Ndege hiyo ya tatu, DC-6 ya shirika la National Airlines iliyokuwa ikielekea Miami tarehe 11 Februari 1952, iliua watu 29 kati ya 63 waliokuwamo, pamoja na wanne waliokuwa ardhini. Uchunguzi ulionyesha kwamba pangaboi la injini moja lilijigeuza likiwa hewani na kuanza kuivuta ndege nyuma badala ya kuisukuma mbele, na kwamba injini nyingine ya upande uleule ilizimwa katika dakika hizo za taharuki.

Mazingira ya kesi ya aina hiyo yanaeleza ugumu ambao wakili wa familia hukabiliana nao hadi leo. Mjane hana kitabu cha matengenezo ya injini, hana michoro ya kiwanda, hana rekodi za mafunzo ya rubani, na mara nyingi hata shahidi hana, kwa kuwa waliokuwa na la kusema wamekufa. Vyote hivyo viko mikononi mwa shirika, kiwanda na serikali. Wakili aliyetaka kushinda alilazimika kujifunza namna pangaboi linavyofanya kazi kama fundi anavyojifunza, kuwatafuta wahandisi wa kumwelekeza, na kutumia amri za mahakama kuwataka walalamikiwa waziweke nyaraka zao wazi. Kreindler alikusanya ujuzi huo katika kitabu cha rejea kiitwacho Aviation Accident Law, kilichoanza kutoka mwaka 1963, na mawakili na majaji waliokuwa wakikutana na ajali ya ndege kwa mara ya kwanza walipata humo mwongozo ambao hapo awali haukuwapo.

Kutoka kwa shirika hadi kwa kiwanda

Kwa kuwa ukomo wa Warsaw ulilinda mashirika ya ndege pekee, mawakili wa familia waligundua kwamba mlango mwingine ulikuwa wazi, nao ni wa kumshitaki mtengenezaji wa ndege au wa kifaa kilichoshindwa kufanya kazi. Mtengenezaji si mbebaji wa abiria, hakusaini mkataba wowote na msafiri, na kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya ukomo. Tawi la sheria linalomwajibisha mtengenezaji kwa bidhaa yenye kasoro lilikuwa likikua kwa kasi nchini Marekani katika miaka ya 1960, na ajali za ndege zikawa mojawapo ya nyanja zake kubwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ajali ya ndege ya shirika la Uturuki, aina ya DC-10, iliyoanguka katika msitu wa Ermenonville karibu na Paris tarehe 3 Machi 1974 na kuua watu wote 346 waliokuwamo; ofisi ya Kreindler ilikuwa miongoni mwa zilizowakilisha familia. Mlango wa nyuma wa shehena ulifyatuka dakika chache baada ya ndege kupaa kutoka uwanja wa Orly. Kwa kuwa hewa ya sehemu ya mizigo ilitoka ghafla huku ya chumba cha abiria ikiwa bado ina shinikizo, sakafu ilibonyea na kuvunjika, na nyaya za kuongozea ndege zilizopita chini ya sakafu hiyo zikakatika au kukwama. Mfanyakazi aliyeufunga mlango aliushusha mpini wake na ukakubali kushuka, ijapokuwa pini za ndani zilizotakiwa kuukaza hazikuwa zimeingia mahali pake, na maelekezo yaliyobandikwa pembeni yalikuwa katika lugha asizozisoma.

Jambo lililoibadilisha kesi hiyo ni kwamba kasoro ilikuwa ikijulikana. Mwezi Juni 1972 mlango wa DC-10 nyingine ulifyatuka juu ya Windsor, Kanada, na marubani wakafanikiwa kutua salama. Siku chache baadaye mhandisi wa kampuni iliyoshiriki kuunda ndege hiyo aliandika waraka wa ndani akionya kwamba milango ya aina hiyo ingefunguka tena na kwamba siku moja ndege nzima ingepotea. Waraka ulibaki kabatini hadi msiba ulipotokea. Nyaraka za namna hiyo huibuka kwa sababu mawakili wa familia huzidai mahakamani, na hapo ndipo kazi yao inapokuwa na manufaa kwa watu wasiowahi kukutana nao, kwani mlango uliobadilishwa kwa sababu ya kesi humlinda kila abiria anayepanda baadaye.

Mtoto asiye na mshahara

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii ni hesabu ya fidia yenyewe. Kwa kawaida wakili huanza na upotevu wa kipato: mshahara wa marehemu, miaka aliyobakiza kazini, nyongeza ambazo angezipata, ukiondoa kiasi ambacho angejitumia mwenyewe, na kiasi kilichobaki hubadilishwa kuwa thamani ya leo. Kwa hesabu hiyo hutafutwa hati za mishahara, risiti za ada za shule, barua za ajira na taarifa za benki. Baada ya hapo huja sehemu ambayo haina risiti: malezi ambayo watoto hawatayapata, faraja ya mume au mke, ushauri wa mzazi kwa mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Picha za harusi, barua za safarini, ratiba ya nani aliyekuwa akimpeleka mtoto hospitali na nani aliyekuwa akimsaidia kazi za shule, vyote huwa ushahidi, kwa sababu ndivyo vinavyoonyesha marehemu alikuwa nani ndani ya nyumba yake.

Sheria ya Marekani ilikuwa na pengo la kutisha katika jambo hili. Sheria ya mwaka 1920 kuhusu vifo katika bahari kuu, iliyotungwa kwa ajili ya mabaharia na meli, iliruhusu fidia ya hasara ya fedha tu, na mahakama ziliitumia pia kwa ndege zilizoanguka baharini. Ndege ya Korean Air Lines iliyotunguliwa na ndege ya kivita ya Kisovieti tarehe 1 Septemba 1983, ambamo watu 269 walikufa, ilizaa kesi zilizodumu zaidi ya muongo mmoja, na ofisi ya Kreindler ilikuwamo katika mapambano hayo. Katika mojawapo, iliyoamuliwa mwaka 1989, Mahakama ya Juu ya Marekani ilijadili ukubwa wa herufi zilizochapishwa katika tiketi, kwa kuwa makubaliano ya mwaka 1966 yalitaka onyo la ukomo wa fidia liandikwe kwa herufi za kipimo cha 10, ilhali shirika lilitumia kipimo cha 8. Mahakama iliamua kwamba kasoro hiyo haikuuondoa ukomo. Katika nyingine, iliyoamuliwa mwaka 1996, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba kwa kuwa ndege ilianguka bahari kuu, ndugu wa marehemu hawangeweza kulipwa kwa kupoteza mapenzi na ushirika wake.

Uzito wa kanuni hiyo ulidhihirika miezi michache baadaye. Tarehe 17 Julai 1996 ndege ya TWA iliyokuwa ikitoka New York kwenda Paris ililipuka karibu na pwani ya Long Island na kuua watu 230, wakiwamo wanafunzi 16 wa shule ya sekondari ya mji mdogo wa Montoursville, Pennsylvania, waliokuwa safarini pamoja na watu wazima 5 waliowasindikiza. Mwanafunzi hana mshahara, wala wazazi wake hawamtegemei kwa chakula, hivyo kwa sheria ya mwaka 1920 kifo chake kilikuwa hakina thamani yoyote ya kulipwa. Laiti ndege hiyo ingeanguka nchi kavu, wazazi haohao wangesikilizwa. Familia na mawakili wao, Kreindler akiwa miongoni mwa viongozi wao, walipigana mahakamani na bungeni kwa pamoja, na mwaka 2000 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ili ajali za ndege za biashara zitambue upotevu wa malezi, faraja na ushirika, tena kwa kurudi nyuma hadi tarehe 16 Julai 1996, siku moja kabla ya msiba ule.

Lockerbie na dola kizimbani

Kesi iliyolifanya jina la Kreindler kujulikana duniani ni ya ndege namba 103 ya shirika la Pan Am. Jioni ya tarehe 21 Desemba 1988, dakika 38 baada ya kuondoka uwanja wa Heathrow, London, ndege hiyo ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, ikaua watu wote 259 waliokuwamo na wakazi 11 wa mji huo. Wachunguzi walipekua eneo kubwa la mashamba na misitu, na kutokana na vipande walivyookota walithibitisha kwamba bomu lilifichwa ndani ya redio ya kaseti, katika sanduku lililojaa nguo ambazo asili yake ilifuatwa hadi katika duka moja la Malta. Mwaka 2001 mahakama ya Kiskoti iliyoketi Uholanzi ilimtia hatiani Abdelbaset al-Megrahi wa Libya, na katika hukumu yake ikasema kuwa sanduku lilianza safari Malta bila mwenyewe, likapitia Frankfurt, kisha likaingizwa katika ndege London.

Akiwa kiongozi wa kamati ya mawakili wa familia, Kreindler alielekeza hoja kwenye sanduku hilo. Kanuni za usalama zilitaka mzigo usiosafiri na mwenyewe usipakiwe bila kupekuliwa, lakini huko Frankfurt shirika lilikuwa limeacha kulinganisha mizigo na abiria na kutegemea mashine ya eksirei pekee. Mwezi Julai 1992 jopo la raia, yaani watu wa kawaida wanaoteuliwa kusikiliza ushahidi na kutoa uamuzi katika mahakama za Marekani, liliamua mjini New York kwamba huo ulikuwa utovu wa makusudi. Kwa uamuzi huo, ambao mahakama ya rufani iliuthibitisha mwaka 1994, ukomo wa dola 75,000 ukavunjwa, na kampuni za bima zikalazimika kulipa kwa hesabu ya hasara halisi ya kila nyumba. Pan Am yenyewe ilikuwa imekwisha kufunga shughuli zake Desemba 1991.

Hata hivyo wahusika wakuu hawakuwa wameguswa. Kwa kanuni ya kinga ya dola, nchi moja haishitakiwi katika mahakama za nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache, na ndiyo maana shauri la kwanza dhidi ya Libya lilitupwa mwaka 1995. Familia za Lockerbie hazikukata tamaa; zilikwenda bungeni, na Aprili 1996 ilipitishwa sheria iliyoruhusu nchi zilizoorodheshwa na Marekani kuwa wafadhili wa ugaidi zishitakiwe kwa vifo vilivyosababishwa na ugaidi huo. Kesi ikafufuliwa, mazungumzo yakaanza, na Agosti 2003 Libya ikakubali kulipa dola bilioni 2.7, sawa na dola milioni 10 kwa kila marehemu, kwa awamu zilizofungamanishwa na kuondolewa kwa vikwazo vya Umoja wa Mataifa, vikwazo vya Marekani, na jina la Libya katika orodha ya ugaidi. Kreindler alikuwa amefariki miezi sita kabla, na kazi aliyoiacha mezani ikakamilishwa na wenzake wakiongozwa na mwanawe James, kama yeye alivyoiendeleza ofisi ya baba yake.

Mlango uliofunguliwa na familia hizo ulipitiwa baadaye na watu wa Afrika Mashariki. Mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224, na marekebisho ya mwaka 2008 ya sheria hiyo ya ugaidi yaliruhusu wafanyakazi wa serikali ya Marekani wasio raia wake kudai pia. Kutokana na hayo Wakenya na Watanzania waliokuwa wakifanya kazi katika balozi hizo, pamoja na jamaa zao, walisimama mbele ya mahakama za Marekani dhidi ya Sudan, iliyodaiwa kuwasaidia washambuliaji, hadi Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wenye manufaa kwao Mei 2020, na mwaka huohuo Sudan ikakubali kulipa dola milioni 335. Wapita njia na wafanyakazi wa majengo jirani, ambao ndio waliokuwa wengi miongoni mwa waliokufa Nairobi, hawamo katika sheria hiyo, na dhuluma hiyo bado inawauma jamaa zao.

Maadili ya kazi yenye fedha nyingi

Haiwezekani kueleza taaluma hii kwa haki bila kutaja lawama zinazoielekea. Nchini Marekani wakili wa familia hulipwa sehemu ya fidia akishinda na hapati kitu akishindwa. Utaratibu huo humwezesha mjane asiye na senti kupambana na kampuni tajiri, lakini pia huwavuta mawakili wanaokimbilia misiba kabla marehemu hawajazikwa. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 1996 ya kuzisaidia familia za ajali za ndege ilipiga marufuku mawakili kuzifuata familia bila kuitwa kwa siku 30 za mwanzo, na mwaka 2000 muda huo ukaongezwa kuwa siku 45. Nchini Kenya makubaliano ya wakili kulipwa kwa sharti la kushinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili, jambo linalomlinda mteja dhidi ya tamaa, lakini humwacha maskini bila njia rahisi ya kugharimia kesi ndefu yenye mashahidi wa kihandisi.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Leo mkataba unaotawala safari nyingi za kimataifa ni ule wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Kwa kifo au jeraha la mwili la abiria, shirika linawajibika hadi kiwango cha SDR 151,880 bila familia kuthibitisha kosa lolote, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiwango hicho kilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. Juu ya hapo hakuna ukomo tena, ila shirika likithibitisha kwamba halikuzembea au kwamba kosa lilikuwa la mwingine peke yake. Familia inaweza kushitaki katika nchi ambako marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu, mradi shirika linaendesha shughuli huko, na muda wa kufungua shauri ni miaka miwili. Malipo ya awali yanayotolewa kwa mahitaji ya haraka hayahesabiwi kuwa kukiri kosa.

Ajali ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi tarehe 10 Machi 2019, ambamo watu 157 walikufa, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote, ilithibitisha upya njia aliyoipigania Kreindler. Programu ya kompyuta iliyokuwa ikiielekeza pua ya ndege chini bila marubani kutaka ilikuwa imekwisha kuiangusha ndege nyingine ya aina hiyo nchini Indonesia mwezi Oktoba 2018, na familia zikamfuata mtengenezaji, Boeing, katika mahakama ya shirikisho jijini Chicago. Novemba 2021 kampuni hiyo ilikubali kuwa ndiyo inayowajibika kwa vifo hivyo, na suala likabaki kuwa hesabu ya fidia, chini ya sheria ya jimbo la Illinois inayotambua hata majonzi ya wafiwa kuwa hasara inayostahili kulipwa.

Hapa ndipo sheria za Afrika Mashariki zinapohitaji kutazamwa upya, kwa kuwa Mkataba wa Montreal unaiachia kila nchi iamue nani mwenye haki ya kudai. Sheria ya Ajali za Vifo ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, inawataja mke, mume, mzazi na mtoto, huku babu na bibi wakihesabiwa kuwa wazazi na wajukuu kuwa watoto. Ndugu wa tumbo moja aliyekuwa akisomeshwa na marehemu hayumo, wala mpwa aliyelelewa nyumbani kwake, wala shangazi mjane aliyetumiwa fedha za matumizi kila mwezi. Familia ya Kiafrika haiishii pale sheria hiyo inapoishia, na mahakama inayopima hasara bila kuwaona watu hao inapima nyumba ambayo haipo.

Kwa hiyo wabunge wa Kenya na Tanzania wanao wajibu wa kuzirekebisha sheria za fidia ya vifo ili zimtambue kila mtu aliyethibitika kuwa tegemezi wa marehemu, na ziziruhusu mahakama kuyapa uzito malezi na ushirika sawa na mshahara. Vyama vya mawakili navyo vinapaswa kuwafundisha vijana sheria ya usafiri wa anga, ili familia ya Kisumu, Bukoba au Mombasa isilazimike kumtegemea mgeni pekee siku ya msiba. Msafiri mwenyewe anapaswa kuhifadhi vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, kumwachia mtu wa nyumbani nakala ya tiketi, na kuwausia jamaa zake kwamba ajali ikitokea wasisaini hati yoyote ya kuachilia madai kabla ya kupata ushauri wa wakili, na wasiiache miaka miwili ipite.